Mlimao Usio na Bima

Mke wangu Pelagia alifariki tarehe ishirini na sita Desemba, miaka mitatu iliyopita, na aliyemuua ni ufunguo. Sisemi ugonjwa haukuwepo. Ulikuwepo, kifua kilimbana tangu alfajiri. Lakini na mtungi wa hewa ulikuwepo, kituo kile kile cha afya tulikomfikisha kwa pikipiki. Ulikuwa ndani ya chumba, chumba kina kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kwao kula Krismasi na ufunguo mfukoni. Muuguzi wa zamu alinionyesha mtungi kupitia dirisha. Nikauona, mweusi, umeegemea ukuta kama mtu anayengoja kuitwa. Tulipopata nyundo ya kuvunjia kufuli, haikuwa na kazi tena.

Hakuna mkubwa aliyeulizwa. Mwenye ufunguo alihamishwa, basi, akapewa kituo kingine na mlango mwingine.

Haya nimeyatanguliza ili mnielewe, maana watu wa Kibondo wanasema Tharsisi Nkunzimana ni mchungu kama shubiri na hana jema la kusema juu ya mtu yeyote. Kweli, sina sana. Mimi ni mfyatua matofali, nimeishia darasa la nne, na waliotakiwa kunifikisha la saba nao nina maneno nao. Lakini leo nimeshika kalamu kumsifu mtu. Namsifu binti yangu Esteri, ambaye Desemba iliyopita aliachiwa ufunguo wa nyumba ya watu huko Finland, katikati ya baridi, na hakuubandua mkononi.

Esteri alisomea uuguzi Kasulu. Alipomaliza alikaa mwaka mzima akizungusha barua za kuomba kazi, na mnajua barua zinavyojibiwa. Mwishowe akapata nafasi ya kwenda kusoma zaidi Finland. Huko, katika mafunzo ya kazi, alipangiwa kwenda kumfunga kidonda mzee mmoja anayeishi peke yake msituni. Mzee Veiko. Ana miaka themanini na moja, mjane kama mimi. Ikifika Krismasi mwanawe wa kusini humchukua akakae naye wiki mbili, na kila mwaka mzee hutafuta mtu wa kulala katika nyumba yake. Safari hiyo akamwambia Esteri.

"Anakulipa?" nikamuuliza kwa simu.

"Baba, nakaa bure, nakula bure, nasoma kwa utulivu. Kazi yangu ni kuangalia mlimao."

Nilikuwa nimesimama dukani kwa Bi Mwanahawa, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Ana paneli za jua juu ya bati, ndiyo maana simu za mtaa mzima hulala kwake. Umeme wa nguzo Kibondo una ratiba yake, na anayeijua hiyo ratiba hajawahi kututajia. Simu yangu ina spika iliyoharibika, ukiongea ni lazima kila mtu asikie. Bi Mwanahawa akaacha kupima sukari.

"Kaenda Ulaya kulinda mlimao?" akasema. "Baba Esteri, si ungemwambia arudi, huku kwetu milimao inajilinda."

Mumewe Gharibu alikuwa kakaa juu ya gunia la maharage. Akacheka mpaka kofia ikamtoka.

Esteri alisikia, akacheka naye. Akatueleza. Mlimao ule marehemu mke wa Mzee Veiko aliuotesha kwa mbegu aliyoitoa kwenye chai, miaka arobaini na moja iliyopita. Umo ndani ya nusu pipa, sebuleni, dirishani, na umekua mpaka umegusa dari. Hautoki tena mlangoni. Tangu uoteshwe umezaa malimau sita. Mzee aliyataja yote sita na miaka yake. Siku ya kuondoka alimpitisha Esteri nyumba nzima, akamwonyesha hili na lile, halafu akasimama mbele ya pipa akasema: nyumba ikiungua, ina bima. Mabomba yakipasuka, yana bima. Huu mlimao hauna bima.

Halafu akampa ufunguo mkononi, akaufumba mkono wake kwa mikono yake miwili, akapanda gari.

Gharibu hakucheka tena. "Huyo mzee ni mtu," akasema.

Krismasi ilipita salama. Esteri alinitumia picha. Theluji imefika usawa wa madirisha, miti imeinama kama migomba iliyozaa mno, na saa tisa alasiri kumekwisha kuwa giza tii. Alinionyesha na jiko la kuotea moto lililojengwa katikati ya nyumba. Nikamwambia asogeze simu karibu. Jamani. Ni mnara wa matofali kutoka sakafuni hadi darini, mistari imenyooka kama daftari la mwalimu, na kona zake huwezi kupitisha ukucha. Fundi aliyelijenga simjui na amekwisha kufa huenda, lakini siku ile nilimpa mkono. Mzee huliwasha mara moja kwa mwaka, kwa mapenzi tu. Nyumba yenyewe inapata joto kwa umeme.

Tarehe ishirini na saba umeme wao ukakatika.

Nilidhani Esteri ananitania. Ulaya umeme unakatika? Akasema theluji imekuwa nzito, miti imeangukia nyaya, vijiji kadhaa viko gizani. Mafundi wamesema siku mbili, labda tatu. Nje ni digrii thelathini chini ya sifuri. Sikujua hiyo ni baridi ya namna gani. Akanieleza: maji ukiyamwaga, yanaganda kabla hujageuka.

"Na ndani?"

"Ndani sasa hivi kumi na mbili, Baba. Inashuka. Mlimao ukipita sifuri unakufa. Nimewasha lile jiko la matofali."

Basi hapo mimi nikavimba kichwa. Miaka thelathini nachoma matofali, kazi niliyorithi kwa baba yangu Kasulu, nimechoma matanuru kuanzia huko mpaka Kakonko. Moto ni wangu. Nikamwambia asikilize vizuri.

"Unaona bomba la moshi lina bamba la chuma la kufungulia na kufungia?"

"Naliona."

"Chochea mpaka makaa yawe mekundu kabisa. Yakishakuwa mekundu, ziba. Ukiacha wazi, joto lote linakwenda mbinguni. Tanuru tunalikandika udongo likiwa bado jekundu, ndiyo siri yake."

Akasita. "Mzee ameandika karatasi hapa ukutani. Anasema usifunge mpaka makaa yawe meusi."

"Nani mchoma matanuru hapa, mimi au karatasi?"

Esteri tangu mdogo hajui kunijibu. Nikasikia chuma kikikwaruza, kikafunga. Tukaendelea kuongea, akaniuliza habari za maharage, nikamwambia mvua imezidi, yanaotea kwenye maganda. Akaanza kupiga miayo. Akasema kichwa kinamuuma kidogo, labda ni uchovu. Mara kukatokea mlio, mkali, kama filimbi iliyoshikwa na wazimu, spika yangu mbovu ikajaza duka zima. Bi Mwanahawa akaziba masikio. Nikaita, "Esteri! Esteri!" Nikasikia vishindo, mlango ukifunguliwa, upepo, kikohozi.

Muda haukuwa mrefu. Kwangu ulikuwa kituo cha afya na dirisha lake.

Akarudi. "Ni king'ora cha hewa ya sumu, Baba. Kipo darini. Nimefungua bamba na milango. Niko salama."

Bi Mwanahawa ndiye aliyesema, na hakuninong'oneza.

"Tanuru halina mtu ndani, Baba Esteri. Mwanao umemfanya tofali?"

Kila mtu hapa analijua hilo. Kila mwaka hatukosi kusikia mtu kalala na jiko la mkaa na madirisha yamefungwa, asubuhi anatolewa maiti na majirani. Hata mtoto mdogo anajua. Mimi nilijua. Lakini nilikuwa natazama moto kwa jicho la kazi, sikumtazama anayelala pembeni yake. Nikakaa juu ya gunia la Gharibu.

Kisha woga ukageuka ukali, ndiyo desturi yangu.

"Funga nyumba, ondoka," nikamwambia. "Kuna jirani?"

"Kuna mama mmoja, kilomita mbili. Ana jenereta. Amekuja na pikipiki ya theluji kuniita, nimekataa."

"Umekataa? Kwa mti? Mwana wanje, mwanangu, mti! Nitakutumia miche ishirini!"

"Baba."

"Huyo mzee anakula nyama kwa mwanawe, wewe ugande! Ni yale yale, wakubwa wanakwenda likizo, wadogo wanakufa!"

"Baba, yeye kaniachia ufunguo. Hakuondoka nao." Kule upepo ulikuwa unapiga kitu cha bati. "Mwenye ufunguo asipokuwepo unajua kinachotokea. Wewe unajua kuliko mtu yeyote. Mimi ndiye mwenye ufunguo hapa. Nipo. Sasa niambie kitu kingine unachokijua kuhusu moto, lakini kiwe cha mtu aliye hai."

Gharibu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Miaka mitatu sikuwahi kuongea na Esteri habari za ule ufunguo. Nilikuwa nawaongelea wakubwa, nawatukana, yeye ananiletea chakula, anasikiliza. Kumbe mwenzangu alichukua neno lile lile akalipeleka kwingine. Mimi lilinifanya nichukie wenye funguo. Yeye lilimfanya awe mwenye ufunguo asiyeondoka.

Nikafikiri. Nikafikiri kweli, kama ninavyofikiri nikiona tanuru limeshika moto upande mmoja.

"Hiyo karatasi ya mzee iko sahihi," nikaanza, na hilo lilinigharimu. "Usizibe mpaka kusiwe na wekundu hata wa punje. Lakini usikae unachochea kutwa. Pasua kuni nyembamba, washa moto mkali, mfupi, asubuhi na jioni. Moto mrefu wa uvivu unapasha bomba. Moto mkali unapasha matofali, na tofali likishashiba halisahau upesi. Una mablanketi?"

"Mengi."

"Tundika, ufanye kichumba. Jiko upande mmoja, mlimao upande mwingine, wewe katikati. Usipashe nyumba nzima, nyumba ina bima. King'ora kitundike humo humo. Sasa, kuna matofali yaliyobaki? Fundi yule hawezi kuwa hakuacha akiba."

Akachukua tochi, akaenda bandani kwenye kuni. Akarudi anahema. Yapo, alisema, kama arobaini, yamefunikwa turubai, yameshikana kwa barafu.

Nikamwambia mpango: tofali kumi na mbili zikae juu ya jiko na mdomoni mwake zipate moto, kumi na mbili zizunguke pipa la mlimao, zimefungwa kwa taulo, halafu zibadilishane zamu kama walinzi. Ila kuna jambo. Tofali lililonywa maji ukiliingiza motoni linapasuka kama risasi. Nimeona mtu akipoteza jicho hivyo, Kasulu, nikiwa kijana. Lazima kwanza zikauke taratibu pembeni ya jiko, mbali, kisha karibu kidogo, kisha karibu zaidi.

"Nitajuaje zimekauka?"

"Gonganisha mbili, uweke simu karibu."

Akagonganisha. Ikasikika *dup*, kama kiatu kwenye tope.

"Bichi. Weka."

Nyingine. *Dup.*

"Bichi."

Bi Mwanahawa alikuwa na wateja wanne wamesimama na wote wananisikiliza nikisema bichi, bichi. Mmoja akauliza, "Huyu anauza nini?" Gharibu akamjibu, "Anachoma matofali Ulaya kwa simu. Ngoja zamu yako."

Tulipatana Esteri awashe simu mara mbili tu kwa siku kutunza chaji, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Jioni ile ile akanigongea tena. Nikasikia *deng*. Mlio safi wa tofali lililo tayari, ule ule wa Kibondo, umevuka mabara mawili ukatoka kwenye spika yangu mbovu bila kupungua.

"Hilo! Hilo peleka motoni!"

Watu dukani wakapiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Siku ya pili aliniambia kichumba chake cha mablanketi ni digrii tisa. Jikoni kwa mzee, nje ya mablanketi, maji ya kwenye birika yameganda. Analala na koti, kichwa kakiegemeza kwenye pipa. Anaamka kila baada ya saa mbili na nusu kubadilisha zamu ya matofali. Anayeyusha theluji kwa sufuria apate maji ya kunywa, anaupa na mlimao kikombe kimoja, vuguvugu. Majani manne yameanguka, ameyaokota, ameyaweka kwenye bahasha ili mzee ayaone, asidhani ameyaficha.

Kayaweka kwenye bahasha! Mimi nimefanya kazi na mainjinia wa halmashauri waliomeza mifuko sitini ya saruji na hawakuacha hata karatasi ya mfuko mmoja.

Siku ya tatu, saa nne, hakupiga.

Nikangoja. Saa tano. Saa sita. Nikapiga mimi, ile sauti ya mwanamke ikaniambia namba haipatikani. Nikapiga tena. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kukata tamaa, barabara nyekundu yote imekuwa mto. Bi Mwanahawa aliniwekea chai, ikapoa. Mimi chakula changu kinatoka kwake tangu msiba, chapati asubuhi, wali jioni. Jiko la Pelagia lile la nje nililifunga arobaini ilipokwisha, ufunguo nikautia mfukoni, na ndani yake kuna sufuria kubwa la kina mama wa mtaa alilokuwa anatunza yeye, lile la shughuli. Bi Mwanahawa ameniomba mara nne. Kila mara nimesema nitaangalia.

"Nimemuua," nikamwambia. "Moja ya zile tofali ilikuwa bichi, nikasema kavu. Spika hii mbovu."

"Acha hayo."

"Au kasinzia bamba likiwa limefungwa."

"Baba Esteri, jaribu kumpigia Gharibu. Yuko stendi hapo."

Nikapiga. Haipatikani. Bi Mwanahawa akachukua simu yake, akampigia dada yake. Haipatikani. Akamwita mteja wa mlangoni, naye akajaribu. Haipatikani. Tukatazamana.

Mnara. Mnara wa simu wa kwetu ndio uliokuwa umezima, na mtaa mzima hatuna mawasiliano tangu asubuhi, mimi nimekaa naizika Finland. Mlinzi wa mnara alisema jenereta halina mafuta. Mafuta yamekwenda wapi? Alitazama pembeni. Waliopewa kuyatunza wanajua.

Gharibu alikuwa anapeleka maharage Kasulu kwa Fuso yake. Nikapanda mbele bila kuuliza. Lami siku hizi ipo, hilo nakubali, ingawa walichukua miaka mpaka wengine tukazeeka tukiingoja. Njia nzima nilishika simu kama yai. Gharibu ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile aliendesha kimya. Mara moja tu akasema, "Mtu anayeokota majani akayatia kwenye bahasha hafi kizembe, kaka." Nikashukuru.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Kasulu mjini, simu ikatetemeka mkononi. Ikatetemeka tena. Zikaingia moja juu ya moja, ujumbe wa sauti, saba. Gharibu akaegesha Fuso kando ya barabara, akazima injini.

Wa kwanza: "Baba, saa nne, hupatikani. Digrii nane. Majani saba sasa."

Wa pili: "Baba, mko salama? Huku redio inasema umeme utarudi leo jioni."

Katika wa tatu hakusema kitu, aligonganisha tofali mbili tu. *Deng.* Ili nisikie.

Katika wa nne alikuwa analia kidogo, akisema anaogopa nimepata tatizo, kwa nini sipokei, na kwamba yeye yu mzima, nisije nikafa kwa wasiwasi bure. Yeye ndiye aliyekuwa anagandia huko, na ananihofia mimi!

Wa mwisho, wa saba: kelele za friji. Alikuwa ameweka simu karibu na friji inayounguruma. "Umesikia? Umerudi. Umeme umerudi, Baba! Mlimao umepoteza majani kumi na moja tu."

Gharibu alipiga honi. Pale pale, tumeegesha, hakuna gari mbele wala nyuma, alipiga honi mpaka wanawake waliokuwa wanapalilia wakasimama kututazama. Mimi nilishuka, nikasimama kwenye majani yenye maji, nikamshukuru Mungu kwa Kiha, maana Kiswahili hakikutosha.

Mzee Veiko alirudi tarehe tatu Januari. Esteri alinisimulia. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akachomeka kidole kwenye udongo, akakinusa. Akaona matofali yamepangwa kuzunguka, bado yamefungwa taulo. Akaona mablanketi. Esteri akampa bahasha. Mzee akayamwaga majani mezani, akayahesabu, kumi na moja, akayarudisha kwenye bahasha na bahasha akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Huko kwao watu hawasemi sana. Aliuliza jambo moja: nani alikufundisha matofali?

"Baba yangu," Esteri akasema. "Kwa simu."

Esteri alipomrudishia ufunguo, mzee hakuupokea. Alitoa mwingine mfukoni mwake, akamwonyesha kwamba anao. Huo kaa nao, akamwambia.

Mimi niliporudi kutoka Kasulu siku ile ya honi sikupita dukani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la Pelagia. Kufuli lilikuwa limeota kutu, ilibidi nilitie mafuta ya taa na kulibembeleza. Ndani kulinuka panya na majivu. Mafiga matatu yapo pale pale alipoyaacha, na sufuria la kina mama limefunikwa kwa kanga yake.

Kisha nikatoka mlangoni nikaita ng'ambo ya barabara.

"Bi Mwanahawa! Njoo uchukue sufuria lenu!"

Alikuja anakimbia, kanga imefunika kichwa kwa ajili ya mvua. Akatazama mlango, akanitazama. Nilijua ana neno, na nilijua ni lipi, kwa sababu njia nzima kutoka Kasulu nilikuwa nimejiambia mwenyewe. Mtungi ule walikaa nao nyuma ya kufuli siku moja. Mimi sufuria hili nimekaa nalo miaka mitatu. Lakini alilimeza, akainama akashika mkono mmoja wa sufuria, mimi nikashika mwingine, tukalivusha barabara.

Na wakubwa? Nao wako pale pale. Januari nilikwenda kituo cha afya, mara ya kwanza tangu msiba, nikauliza ufunguo wa chumba cha mitungi uko wapi. Dada wa zamu alinionyesha msumari ukutani, ufunguo unaning'inia. Nikauliza, na wa pili? Akasema hakuna wa pili. Nikamwambia nitarudi kuuliza wiki ijayo, na inayofuata. Nimekuwa nakwenda. Wameshanichoka. Mwezi wa pili walichonga ufunguo wa pili.

Sasa ninajenga. Nimeyaondoa mafiga kwa adabu, nimeyaweka pembeni, na ninajenga jiko lenye bomba la moshi kama lile la yule fundi marehemu, dogo, la kadiri yangu. Esteri atakuja Juni, nataka alikute linawaka. Shida ni mvua, matofali yangu yamekaa nje yakanywa maji. Jumapili alipiga, nikamwambia niko kazini, nikaweka simu juu ya ukuta nikagonganisha mawili ili afurahi.

Akasikiliza.

"Bichi hayo, Baba," akasema. "Weka."